Jina Lililopewa Jembe

Mchora ramani alishika wembe kwa vidole viwili, akakwangua wino taratibu ili asitoboe karatasi. Ndiyo kazi yake katika ofisi ya upimaji: kukwangua jina la zamani, kupuliza vumbi, kuandika jipya. Ziwa lilikuwa lile lile, lakini kila aliyeshika mpini alitaka vijiji vya ufukweni viitwe atakavyo yeye.

Majina yaliyokwanguliwa yalihamia nyumbani kwake. Yalikuja jioni, miguu ikichuruzika maji ya ziwa, yakabisha hodi kistaarabu, yakapewa mkeka na chai. Jina la gavana mmoja wa kigeni lilidai kiti cha peke yake. Likaambiwa hapa si kwenu, likakaa mkekani na wenzake. Mama yake mchora ramani alilalamikia sakafu tu, maana yeye ndiye aliyeipiga deki.

Siku hiyo wembe ulifika kwenye ghuba alikozaliwa mama huyo. Watu wa huko walishahamishwa, nyumba zikabomolewa kupisha hoteli. Jina ndilo lililobaki, na bikizee alikuwa ameomba jambo moja: “Mwanangu, futa kote, kwetu paache.”

“Bosi, hapa tupaache,” alisema mchora ramani.

“Agizo limetoka juu, dada. Mwenye hoteli anataka ghuba iitwe jina la mkewe. Mimi na wewe ni nani?”

Akakwangua huku akilia, machozi akiyafuta kwa kiwiko yasiharibu karatasi.

Jioni alirudi akiburuta miguu, hajui atamtazama vipi mama yake. Alimkuta mkekani, ameshikana mikono na mgeni aliyelowa hadi magotini.

“Umechelewa,” mama alisema. “Huyu amefika tangu mchana. Nusura nisimtambue, alivyokonda.”

“Nisamehe, mama.”

“Nimekusamehe. Lakini nimeumia.” Kisha akamwongezea mgeni chai.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu mdogo wake mchora ramani, aliyekuwa akiishi nao, alijifungua mtoto wa kike. Bikizee akamgeukia mgeni: “Haya, kazi hiyo.” Jina likainuka, likajipangusa miguu mlangoni, likaingia chumbani kwa mzazi. Halikutoka tena. Kabla ya mwezi kwisha, majirani wenye mimba walikuwa wakipita kuchungulia mkekani na kuchagua. La gavana halikupata mtu. Hadi leo linaosha vikombe.

Ramani mpya ilitundikwa ukutani kwa bosi, na ghuba ina jina la mke wa mwenye hoteli. Hilo halijabadilika. Ila kila mara yule mtoto anapoitwa jina lake kule nyumbani, maji huchuruzika kutoka kwenye ile ghuba ramanini hadi sakafuni kwa bosi. Bosi alimwita fundi aje kuziba paa, ingawa kilikuwa kiangazi.

Fundi alipoondoka, mchora ramani aliweka beseni chini ya ramani, akapiga simu nyumbani.

“Mama, hebu mwite tena.”