Wenye Funguo za Saa

Jumamosi alasiri Nathanaeli, Katibu Kata, alikuwa sebuleni kwake Mlalo akipangusa vioo vya saa zake za ukutani, marehemu mzee Tobia alipobisha hodi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimekuja kuitia saa yangu ufunguo."

Akakaribishwa. Alipanda kiti, akatoa ufunguo mfukoni mwa koti alilozikwa nalo, akauzungusha, saa ikaanza kutembea. Klara, mke wa Katibu, alimletea chai. Mzee aliishika kwa adabu hadi ikapoa, kisha akaaga.

Tobia hakuwa wa kwanza. Ukuta mzima ulijaa saa za kabati la mti, za tangu enzi ya Mjerumani. Mwaka ule wa Operesheni, watu wa mlimani walipohamishiwa vijiji vipya nyikani, Nathanaeli ndiye aliyewasimamia kupanda lori. Nyumba za huko zilikuwa za fito, hazibebi saa. "Niachieni niwatunzie," aliwaambia, na tuseme ukweli, mate yalikuwa yanamtoka. Wakamwachia saa, funguo wakaondoka nazo. Basi zikakaa kimya, mapambo tu, mpaka homa ya nyikani ilipoanza kuzoa watu. Kila aliyekufa alipanda mlima Jumamosi na ufunguo wake. Nathanaeli alipenda kuzisikia zikitembea, na alijichukia kwa kupenda huko. Zilizosimama zilikuwa za walio hai; hizo alizipita bila kuziangalia.

Siku moja akaja Marta, mjane wa Tobia, kwa miguu toka nyikani, anahema, vumbi hadi magotini.

"Mwanangu, nipe saa yetu. Marehemu anakuja kwako kila Jumamosi, kwangu hafiki. Anaifuata saa. Nikiitundika kwangu, atakuja kwangu."

Alikuwa na haki, na Nathanaeli alilijua hilo. Lakini akipewa huyu, wengine nao watadai, na ukuta utabaki misumari mitupu.

"Nyumba yako ni ya fito, mama. Subiri kwanza ujenge."

"Nijenge na nani?"

Katibu alimwambia Klara amfungie viazi vya njiani. Mama alivipokea, akashukuru, akateremka.

Roho ilimsuta Nathanaeli. Siku zikaenda hivyo, mpaka Ijumaa moja akapiga moyo konde: Jumapili baada ya ibada ataipeleka saa nyikani mwenyewe.

Kesho yake Tobia alibisha hodi pamoja na Marta. Safari hii mama hakuhema, wala hakuwa na vumbi miguuni. Homa ilikuwa imemchukua Jumatano. Klara akaongeza kikombe.

Nathanaeli aliishusha saa, akamkabidhi mama kwa mikono miwili.

"Irudishe tu, mwanangu," Marta akasema bila kinyongo. "Kule chini hatuna tena mtu."

Nathanaeli akairudisha msumarini.