Hajawahi Kushuka Ngazi

Mtoto wa mbwa aliingia nyumbani ndani ya boksi la sabuni, na kabla boksi halijatua vizuri sakafuni alikuwa ameshatoka na kukojolea kiatu cha kazi cha mama.

"Ameanza vizuri," mama alisema, akikitazama kiatu. "Anajua kabisa nani mkubwa humu ndani."

Mbwa huyo alikuwa na wiki tano tu. Mama yake aligongwa na gari mbele ya shule, na mlinzi wa shule akawagawa watoto wanne kwa yeyote mwenye mikono mitupu. Chiriku, binti wa miaka kumi, alikuwa na mikono mitupu. Jina lake la shuleni lilikuwa jingine, lakini kwa jinsi alivyokuwa akiongea bila kuvuta pumzi, jengo zima lilimwita Chiriku. Mbwa naye akapewa jina siku hiyo hiyo: Soksi, kwa sababu mwili wote ulikuwa mweusi isipokuwa miguu.

"Wewe humalizi kitu," mama alimwambia Chiriku. Hakuwa mtu wa kuzunguka mbuyu. "Kinanda uliacha. Kuogelea uliacha. Kufuma uliacha, mpaka leo nina sweta yenye mkono mmoja."

"Huyu nitamaliza."

"Mbwa hamalizwi. Mbwa analelewa, kila siku, hata siku ambayo hujisikii."

"Basi nitamlea mpaka ajue kila kitu. Halafu utaniambia samahani."

Mama alicheka kwa pua. Alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia katika hospitali kubwa, mwenye wafanyakazi kumi na wawili na mashine sita, na nyuma ya mgongo wake walimwita Bi Ratiba. Siku moja aligeuka akaitika, na tangu hapo wakamwita usoni. Nyumbani waliishi wawili tu, yeye na Chiriku, ghorofa ya tatu. Baba alikuwa na familia nyingine katika mji mwingine na simu zake zilikuwa fupi.

Kesho yake walimpeleka Soksi kwa daktari wa mifugo, mwanamke kijana mwenye koti lililojaa manyoya ya kila rangi.

"Amewahi mno kuachishwa kunyonya," daktari alisema. "Atalia sana, atang'ata sana, na atajisaidia popote. Msimpige. Chanjo ni tatu, mpaka amalize zote asikanyage ardhi wanakopita mbwa wengine. Hata mara moja. Choo afundishiwe ndani, kwenye gazeti."

Chiriku aliandika yote kwenye daftari. Usiku ule alibandika karatasi mbili kwenye mlango wa friji. Moja ilikuwa ratiba, maana mtoto wa nyoka ni nyoka: akiamka, gazetini, akila, gazetini, akicheza dakika kumi, gazetini. Nyingine ilikuwa na maneno matatu kwa herufi kubwa: SOKSI ASISHUKE NGAZI.

Akajitia kazini. Alimbeba Soksi kila saa hadi kona ya jikoni, akamweka juu ya gazeti, akachuchumaa mbele yake akimbembeleza, "Haya, baba, fanya kidogo, fanya tukapumzike." Soksi alilinusa gazeti, akalitafuna, akalilalia, kisha akaenda kukojoa kwenye zulia. Akimng'ata vidole kwa meno yake ya sindano, Chiriku alipiga kelele fupi, "Aa!", akamgeuzia mgongo, kama alivyoambiwa. Alimfundisha kukaa kwa kupitisha kipande cha nyama juu ya pua yake hadi matako yenyewe yakashuka. Alimfundisha kusubiri bakuli. Siku ya tisa alisubiri hadi hesabu ya tano, akitetemeka mwili mzima kama mashine ya kufulia iliyojazwa kupita kiasi, na mama, aliyekuwa akipiga pasi, aligeuza uso ili asionekane anatabasamu.

Ila gazeti, Soksi hakulielewa kabisa.

Mwenye nyumba akasikia habari za mbwa. Alikuwa bibi mmoja mpole wa sauti lakini mgumu wa msimamo. Alisimama mlangoni, akavuta hewa mara mbili.

"Sina ugomvi na mbwa, mwanangu," alimwambia mama. "Nina ugomvi na harufu. Nitarudi mwisho wa mwezi. Nikiikuta harufu hii, mbwa ataondoka. Nyinyi mbaki, yeye aende."

Chiriku hakula siku ile. Alihamisha gazeti kona nyingine. Akaamka mara tatu usiku kwa kengele ya saa, akaenda shule macho mekundu, mwalimu akaandika barua.

Mama alitazama kalenda, akamtazama mtoto. Zilibaki siku kumi na sita. Chanjo ya tatu ilikuwa baada ya wiki tano. Alipiga hesabu zake kama alivyozoea kupiga hesabu za shuka na mashine, na hesabu ikakataa.

Kesho yake saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla ya kwenda kazini, alimtia Soksi ndani ya koti lake, akashuka ngazi taratibu hadi kwenye ukanda wa nyasi nyuma ya jengo. Akamweka chini. Soksi alishangaa. Alinyanyua mguu mmoja mweupe, kisha mwingine, kana kwamba nyasi zinamtekenya. Akazunguka mara mbili, akakojoa.

"Mzuri!" mama alinong'ona, akampa nyama. Alishangaa kusikia sauti yake ilivyolainika.

Fundi cherehani wa ghorofa ya chini alikuwa anafungua dirisha.

"Jirani! Huyo panya unamtembeza au unamtupa?"

"Shona nguo zako."

"Chiriku si alisema hashuki? Alinihubiria nusu saa nzima hapa, nikachoma nguo ya mteja."

"Ukimwambia, nitakushona mdomo kwa uzi wako mwenyewe."

"Basi sijaona kitu," fundi akasema, na akafunga dirisha kwa madaha.

Ilikuwa hivyo kila alfajiri, na kila jioni Chiriku akiwa bafuni. Mbwa mdogo akishapata pa kujisaidia na akasifiwa, hushika haraka. Mama aliokota kipande cha nyasi zilizolowa mkojo, akakiweka chini ya gazeti jikoni ili harufu imwite. Siku ya nne Soksi alikimbilia gazetini mwenyewe, akachuchumaa katikati kabisa ya ukurasa wa michezo.

"Mama! Mama, njoo! Amefanya! Nimemfundisha!"

Mama alisimama mlangoni na kitambaa cha sahani mkononi. Angeweza kusema ukweli. Alimwona mtoto amepiga magoti, mikono juu, uso unawaka, mtoto aliyeacha kinanda na kufuma na kuogelea.

"Umemfundisha," alisema. "Samahani."

Mwisho wa mwezi mwenye nyumba alivuta hewa mara mbili, akanusa sabuni tu. Chiriku alimwonyesha kukaa, kusubiri na kwenda gazetini kwa amri. "Kumbe wewe ni mwalimu," yule bibi alisema. Kwa siku mbili Chiriku hakutembea, alielea.

Siku ya tatu Soksi hakuja kwenye bakuli.

Jioni alitapika povu. Asubuhi akaharisha damu, na nyumba ikajaa harufu ambayo mama aliijua kwa miaka yake mingi ya chumba cha kufulia. Shuka zenye harufu ile huingia mfuko mwekundu, hazichanganywi na nyingine, na anayezishika huvaa glavu mbili. Aliwafundisha hivyo vijana wapya kila mwaka. Usipime usafi kwa macho, aliwaambia. Na yeye alizitazama zile nyasi, akaziona za kijani, akatosheka.

Daktari alimlaza Soksi juu ya meza. Alikuwa mwepesi kama glavu tupu.

"Ni kirusi cha utumbo," alisema. "Kinakaa ardhini miezi na miezi pale mbwa mgonjwa alipopita. Ametoka nje huyu?"

"Hapana, dokta," Chiriku akajibu haraka. "Hajawahi kushuka ngazi. Hata mara moja. Nina karatasi kwenye friji."

Daktari akamtazama mama. Mama akatazama mfuko wa dripu.

"Basi pengine kimeingia na viatu," daktari alisema kwa upole. "Hutokea."

Chiriku akashusha macho. Viatu vyake vya shule vilikuwa na udongo pembeni. Soksi alipenda kulalia viatu vile. Alivitafuna kamba zote mbili.

Soksi alibaki kwa daktari. Walipofika ghorofa ya tatu Chiriku alivua viatu nje ya mlango, akaingia pekupeku, akajifungia bafuni. Mama alisikia maji. Alipofungua alimkuta anasugua nyayo zake kwa brashi ya sakafu, ngozi imekuwa nyekundu.

"Acha hiyo."

"Ni mimi, Mama. Ni viatu vyangu."

"Nimesema acha," mama alisema, akamnyang'anya brashi. Soksi akipona atamwambia mtoto ukweli, alijiambia. Akipona itakuwa rahisi.

Soksi hakupona. Daktari alipiga simu kesho yake saa nane mchana, mashine zote sita zikizunguka, na mama ilibidi amwambie arudie kwa sauti. Kisha akamkabidhi msaidizi wake funguo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaenda kumchukua mtoto shuleni.

Chiriku alimwona mama yake getini saa ya masomo, akajua. Mtoto alikuwa amevaa ndala, si vile viatu. Alilia kimya njia nzima.

Daktari alisema nyumba yote ioshwe kwa klorini. Mama alichanganya ndoo kama anavyochanganya kazini, akakunja mikono ya blauzi, akavaa glavu, akaanza jikoni. Chiriku alikaa kwenye kiti, miguu ameikunja asiguse sakafu.

"Nikipata mtoto," alisema, "nitamuua pia?"

Mama akaacha kupangusa. Alibaki amepiga magoti, kitambaa kikidondosha maji.

"Sikiliza. Si viatu vyako. Mimi nilimshusha. Kila alfajiri, na jioni ukiwa unaoga. Nilimpeleka kwenye nyasi za nyuma siku kumi na tano. Hata alipolijua gazeti sikuacha, niliogopa bibi atamwondoa. Daktari alipouliza, nilinyamaza. Ni mimi, Chiriku. Wewe hukukosea hata kidogo."

Alitegemea kelele. Alikuwa tayari kupigwa na kile kiti. Mtoto alikaa tu, akihesabu kitu kichwani.

"Kwa hiyo gazeti," Chiriku alisema hatimaye. "Gazeti alijifunza huko nyasini."

"Ndiyo."

"Sikumfundisha mimi."

"Kukaa ulimfundisha wewe. Kusubiri bakuli ulimfundisha wewe, mimi nisingeweza, sina subira hiyo."

"Lakini uliniambia samahani. Ukajua ni uongo, ukaniacha nifurahi."

Mama alikikamua kitambaa mara mbili.

Chiriku alishuka kitini. Alikuja akachukua kitambaa mkononi mwa mama, si kwa kumnyang'anya, kwa kukichukua tu, akakichovya kwenye ndoo.

"Nipe glavu," alisema. "Kona ya Soksi nitaosha mwenyewe. Wewe usiiguse."

Mama alivua glavu, akampa. Zilikuwa kubwa mno, vidole vilining'inia. Akasogea nyuma hadi mlangoni, akasimama pale, mikono mitupu, akimtazama mwanawe anaosha vigae kimoja baada ya kingine. Mtoto hakuruka hata kimoja, wala hakuinua macho.