Wapiga Ngoma wa Banda la Eufrasia

Nawasimulia ndoto ya Eufrasia, mfuga kuku wa mayai, mwanamke mchapakazi, ila roho yake ilikuwa ngumu, na hilo silifichi. Asubuhi hiyo alifukia kuku wa tisa aliyedonolewa na wenzake hadi utumbo ukatoka. Akagombana na mumewe, Baba Sia, juu ya ile taa ya bandani ambayo Eufrasia hakuruhusu izimwe usiku wala mchana, ili kuku watage zaidi. Adhuhuri, kichwa kikimgonga, akajilaza juu ya magunia ya pumba na usingizi ukamchukua.

Akajikuta katika nchi isiyo na jua wala mwezi, mwanga mweupe tu umetanda pote, na ardhi yake yenye joto inapanda na kushuka kama kifua cha mgonjwa. Njiani akapokewa na mwanamke mwembamba aitwaye Kiasi.

"Dada, karibu ndani ya mwili wa kuku wako," alisema. "Humu wamo wapiga ngoma wawili. Mzee yule ni Pumziko. Giza likiingia hupiga, na damu yote husikia kwamba kazi imekwisha. Binti yule ni Uzazi, naye hupiga zamu yake, yai likaja. Wakipokezana, mwili unadumu."

Lakini Pumziko alikuwa amefungwa mikono kwa kamba, na Uzazi alipiga bila kukoma, viganja vimechunika hadi mfupa, huku jitu nene liitwalo Tamaa likimchapa bakora na kumsifu.

"Nisaidie kumfungua mzee," Kiasi alisihi. "Ngoma ya binti ikipasuka, mwili huu utajila wenyewe."

Eufrasia aliingiwa na huruma, tena ya kweli, akalishika fundo. Tamaa likamwinamia na kumnong'oneza kwa upole, "Mfungue tu, mama. Ila mayai yatapungua."

Vidole vyake vikaliachia fundo. Ngoma ikapasuka, na Uzazi akamrukia mzee kwa meno.

Kelele za kuku zikamwamsha. Baba Sia alisimama mlangoni, mikono ina damu.

"Mama Sia, wanalana tena. Watatu. Nakuomba, leo tuwape giza walale."

Eufrasia aliinuka juu ya magunia. Maana ya ndoto ilimjia yote: alijua aliyeifunga ile kamba ni nani, akajua pia kwamba kuifungua ni kazi ya kidole kimoja. Iliumiza, akaumeza uchungu wake.

"Kawakate ncha za midomo wasidonoane," alisema. "Taa iache."