Kiti cha Niyonzima

Siku breki zilipomkana, Felisita alikuwa peke yake ndani ya gari, na hilo ndilo alilomshukuru Mungu kwanza. Alikuwa akishuka mteremko wa Kibimba kuelekea darajani, barabara imelowa mvua za masika. Alikanyaga pedali ikazama kama inayozama topeni. Akakanyaga tena, na tena. Kila mara ilimbidi ajivute hadi ukingoni mwa kiti ndipo mguu ufike, kwa kuwa kiti kile kiliwekwa kwa ajili ya mtu mrefu. Mwishowe breki zikashika kidogo, gari likaserereka, likapanda ukingo na kusimama limeukumbatia mgomba wa watu.

Alikaa humo kitambo, mto wa kitanda ukiwa mgongoni mwake, injini ikinguruma taratibu kana kwamba yenyewe haihusiki.

Lilikuwa Pijo 505, ile ya GTI, jeupe, la chini, lililonunuliwa enzi mumewe Niyonzima akishindana mbio na wenzake katika barabara za milima ya Burundi. Kwa kasi halikuwa na mpinzani. Sasa lilikuwa limezeeka, lakini bado lilivuta kama ng'ombe dume aliyeona maji. Mwishoni mwa mwaka wa tisini na tatu, damu ilipoanza kumwagika kwao, Niyonzima aliwapakia mkewe na binti yao Aline, akawavusha mpaka pale Kabanga, akawafikisha upande wa Tanzania kwa Anastazi, mjomba wa Felisita, Mhangaza mkulima wa Kibimba. Kisha akarudi kwa miguu kumfuata mama yake mzazi. Gari aliliacha, alisema linajulikana mno.

Hakurudi. Masika ya kwanza yakapita, na haya yalikuwa ya pili. Watu walipomuuliza Felisita habari za mumewe, alijibu neno moja tu, kwamba alibaki. Na tangu aliposhuka Niyonzima, kiti cha dereva hakikusogezwa hata kidogo. Felisita aliendesha kwa mto, na aliyemcheka alimwacha acheke.

Sasa Aline alikuwa mjamzito, mumewe yuko Mwanza akitafuta kibarua. Uzazi wake wa kwanza, kule Bujumbura, uliishia kwenye upasuaji, na mtoto hakuishi. Muuguzi alikwisha kusema wazi kwamba safari hii uchungu ukianza afikishwe hospitali upesi, asizalie njiani. Kwa machela, wanaume wakipokezana mabegani, ni mwendo wa kutwa nzima. Magari ya misaada yalipita kwa wingi barabara kuu, lakini yalikuwa na kambi zake za wakimbizi za kuhudumia. Likabaki Pijo, na Pijo halikuwa na breki.

Wa kwanza kuliangalia alikuwa Kazimili, fundi wa malori kutoka Biharamulo, Msukuma mnene mwenye maneno mengi, aliyepita na lori la mahindi. Alizunguka gari, akafungua boneti, akacheka.

"Hii ni gari ya harusi za mjini, mama. Huku sisi tunaoa kwa Fuso."

Lakini hakuwa mtu mbaya. Alieleza kwamba Pijo hili lina breki za sahani magurudumu yote manne, na vipuri vyake haviko Biharamulo wala Ngara. Yeye angelichukua gereji kwake, angefunga breki za pikapu, angeng'oa na mfumo wa mafuta kuweka kabureta, maana mafuta ya madumu wanayouziwa siku hizi yamechanganywa na ya taa. Lingekuwa gari la kufika, si la kukimbia. Felisita akauliza litarudi lini. Kazimili akatazama tumbo la Aline, aliyekuwa akianika maharage uani, akaacha kucheka. Akasema mwezi huu hapana. Kazi ya malori imemfika shingoni, na njia ya msituni hupitwa kwa msafara wa polisi kwa sababu ya majambazi.

"Kambini kuna Mrundi," akaongeza. "Pijo ndizo alizokulia. Anaitwa Fabrice."

Felisita alimjua Fabrice. Alikuwa fundi wa gereji ile ile ya Bujumbura ambako Niyonzima alipeleka gari lake miaka yote. Na kuhusu gereji hiyo watu waliovuka walinong'ona jambo: kwamba mambo yalipoharibika, mmoja wa mafundi aliwaonyesha wauaji nyumba za wateja. Fundi gani, hakuna aliyesema. Fabrice hakutajwa, lakini pia hakuondolewa. Na alikuwa wa kabila la upande wa pili.

Usiku huo hakulala vizuri. Asubuhi alimweleza mjomba wake. Anastazi alikuwa mzee wa kusema kidogo. Alimwambia kwamba Biharamulo kuna mtu wa kuaminika asiye na nafasi, na kambini kuna mwenye nafasi ambaye hawajui kama ni wa kuaminika. Achague anachoogopa zaidi. Felisita akatazama tumbo la binti yake, akachukua kanga, akaenda kambini kwa miguu.

Alimkuta Fabrice chini ya turubai la bluu, akikaza minyororo ya baiskeli. Alikuwa amekonda. Alipomwona alisimama, akafuta mikono, akamsalimu kwa Kirundi kwa unyenyekevu wote wa zamani. Halafu akauliza swali ambalo Felisita aliliogopa.

"Bosi yuko wapi, mama Aline?"

"Alibaki."

Fabrice akainamisha kichwa. Felisita alimchunguza uso kama mtu anayetafuta jiwe ndani ya mchele, asione kitu. Akaeleza habari za breki. Fabrice alisema ni raba za ndani ya pampu, zimekauka kwa uzee. Kamwe asikubali breki za pikapu, maana gari lenye mbio zile likifungiwa breki za mzigo litaua mtu. Angeagiza raba Bujumbura.

Raba zikaja, zimevuka Kabanga mfukoni mwa mbadilisha fedha. Fabrice akaomba kibali cha kutoka kambini, akaja Kibimba na vyombo vyake ndani ya gunia. Alifanya kazi uani kwa Anastazi, gari limeinuliwa juu ya magogo. Alipokuwa akipima pedali kwa mkono kutoka mlangoni, aliutazama ule mto, akapeleka mkono kwenye kishikio cha kusogezea kiti.

"Tengeneza breki," Felisita akamwambia. "Kiti usikiguse."

Fabrice akaurudisha mkono wake.

Kazi ya kutoa hewa kwenye breki huhitaji watu wawili, mmoja chini na mwingine kwenye pedali. Felisita ndiye aliyekaa juu, ameegemea mto wake. Sauti ya Fabrice ilitoka chini ya gari: kanyaga, shikilia, achia. Kanyaga, shikilia, achia. Pedali ikaanza kuwa ngumu chini ya wayo wake, na moyo wake nao ukapata nguvu kidogo.

Adhuhuri mawingu yakajikusanya upande wa Burundi. Fabrice akashusha gari, akakusanya vyombo, akampa Felisita ufunguo kwa mikono miwili.

"Tayari, mama. Keshokutwa nitarudi kuangalia kama hazivuji."

Akaaga, akashika njia. Felisita akabaki na ufunguo mkononi.

Huko kwao, pande zote mbili za mpaka, mwenye pombe huonja kwanza. Atavuta mrija mbele ya macho ya mgeni ndipo ampe, na mgeni atakunywa akijua hakuna sumu. Hakuna anayeambiwa aonje. Kumwambia ni kumwita mchawi. Asiyeonja kwa hiari yake, pombe yake haipokelewi. Niyonzima alikuwa akisema kwamba hata mafundi wa gereji ile walishika desturi hiyo: hakuna aliyerudisha gari bila kuliendesha kwanza mwenyewe mbele ya mteja. Na leo Fabrice ameondoka bila hata kuwasha injini.

"Hakuonja," alisema Anastazi kutoka kibarazani. Alikuwa ameona.

Ufunguo ukatundikwa kwenye msumari, na Felisita akapita kwa majirani kuwaomba wanaume wa machela wakae tayari.

Keshokutwa yake, jua likianza kupanda, uchungu ukamshika Aline. Uliingia kwa nguvu, kama mgeni asiyebisha hodi. Wanaume wakaja na machela wakaiweka uani. Felisita alikuwa akitandika blanketi juu yake, Fabrice alipotokea na gunia lake. Aliitazama machela. Akalitazama gari, majani ya mgomba yaliyodondoka na mvua yalikuwa yamelala palepale kwenye kioo. Hakuhitaji kuambiwa.

"Hukuliendesha hata mara moja."

Aline akapiga ukelele, ameshika nguzo ya nyumba. Na Felisita, aliyelelewa kujua kwamba kuna maneno hayasemwi, akalisema.

"Mbona hukuonja?"

Wanaume wa machela wakatazama chini. Uso wa Fabrice ukabadilika kama wa mtu aliyepigwa kofi mbele ya watu. Alipojibu hakupandisha sauti.

"Uliniambia kiti nisikiguse. Uliniambia bosi alibaki. Kama alibaki, kiti ni chake. Kama amekufa, matanga yake hayajaondolewa, na mgeni hakai kiti cha marehemu kabla ya matanga kuondolewa. Mimi ningekaa wapi, mama?"

Ilikuwa kweli, na kila aliyesimama pale alijua ni kweli. Desturi moja ilimtaka akae, nyingine ilimkataza. Aliyemfunga kati ya hizo mbili ni Felisita mwenyewe, kwa neno lake moja la kila siku. Alimtazama Aline. Kwa muda wote huo Aline alikuwa akilala na neno hilo hilo chini ya kichwa chake. Alikuwa hata amesema kwamba mtoto atapewa jina na babu yake, akirudi.

"Kaa," Felisita akasema. "Mwenye kiti hatarudi."

Aline akaanza kulia, na kama alililia tumbo au neno, hakuna aliyemuuliza. Anastazi akavua kofia.

Fabrice akaingia. Alikuwa mrefu, kiti kilimtosha. Akawasha, akashusha gari mteremko mzima kwa kasi ambayo Felisita alikuwa hajaisikia tangu Burundi, akakanyaga breki karibu na mgomba ule ule. Gari likasimama papo hapo. Akageuza, akapanda, akakanyaga tena mbele ya machela. Kisha akashuka, akashika mlango wazi.

"Breki hizi zinataka mguu ufike, mama."

Felisita aliutoa mto, akaenda kuuweka mgongoni kwa Aline, ambaye Anastazi alikwisha kumlaza kiti cha nyuma. Aliporudi, akaitikia kwa kichwa. Fabrice akavuta kishikio. Kutu ikalia, kiti kikagoma, halafu kikateleza mbele mpaka palipomfaa mwanamke wa kimo chake.

Wakaenda, Fabrice pembeni, Anastazi nyuma amekishika kichwa cha Aline. Kila kwenye mteremko Felisita alikanyaga, na kila alipokanyaga gari lilimsikia. Machozi yalimtiririka, lakini barabara aliiona.

Alasiri Aline alitolewa mtoto wa kiume, mzima, kwa upasuaji. Alipozinduka hakumtazama mama yake kwa muda mrefu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa sijajiambia mwenyewe, mwanangu."

Aline akageukia ukuta. Lakini mkono wake hakuuondoa ndani ya mkono wa mama yake, na Felisita akakaa hapo hadi wauguzi walipomtoa nje.

Fabrice alikuwa amechuchumaa kando ya gari, akipapasa upande wa ndani wa gurudumu kutafuta unyevu. Felisita akasimama juu yake. Lile la gereji bado lilikuwa pale, halikuwa limepungua hata punje. Asubuhi ile alimpa kiti. Jibu bado hakuwa nalo.

"Kuna jambo nitakuuliza," akasema. "Si leo."

Fabrice hakuinua uso. Alikitazama kidole chake, kilikuwa kikavu, akakifuta hata hivyo.

"Najua, mama. Nalingoja tangu ulipokuja kambini."

Akasimama, akamfungulia mlango wa dereva, yeye akazunguka upande wa pili.