Vyura wa Kinamasi cha Kiwanda

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, mtaalamu wa vyura alichuchumaa kwenye matope nyuma ya kiwanda, penseli sikioni, magoti yakimuuma. Kinamasi kilikuwa kifukiwe Jumatatu, na sheria ilitaka vyura waandikwe kwanza ndipo wafukiwe. Aliyetunga sheria hiyo, Mungu ndiye ajuaye.

Kazi yake ina utaratibu: unasikiliza, unaandika sauti, ndipo unamshika mwenyewe. Alishaandika wanane wa kawaida. Wa tisa alikohoa, akasema, "Mdogo wangu, mbona umekonda hivyo?"

"Kazi, kaka."

Kwenye nafasi ya sauti akaandika: *ya kaka yangu*. Kisha akamshika. Ngozi ya kijivu, tumbo jeupe, na mkono wa kushoto haukuwa na kidole cha mwisho, kile kilichokatwa na sepetu.

Kaka mtu alikuwa mchimba mitaro wa kiwanda. Huu mwaka wa tatu ofisi imeshikilia kwamba alitoroka kazi. Mkewe amebaki hivyo hivyo, si mke si mjane, na wanawe shuleni wanaitwa watoto wa mtoro.

"Ulitoroka?" aliuliza, kwa ajili ya fomu.

"Nitoroke niende wapi? Ukingo ulituporomokea. Tuko wanne humu. Msimamizi alituona."

Akamtia kwenye ndoo, akampeleka kwa wifi yake, aliyekuwa anafua. Wifi alijifuta povu, akachungulia.

"Nilijua," alisema. "Mwanamume hatoroki akaacha viatu vyake vya kutokea."

Akakaa chini akalia kilio cha miaka mitatu. Alipomaliza alianua nguo zilizokauka, wakaenda kiwandani kuomba cheti cha kifo, watoto nao wapumzike.

Karani aliisoma fomu yote, akatazama ndooni.

"Mama, cheti cha kifo cha nani? Si huyu hapa, mzima?"

Akafungua faili, akaandika: *Mtoro amepatikana*. Aripoti Jumatatu saa moja, kazi ya kufukia.

"Na wenzangu?" aliuliza chura.

"Hao bado watoro."

Wifi alichoka hata kubisha. Jumatatu alifika getini mapema, akapanga foleni na ndoo yake nyuma ya vibarua. Mlinzi akaweka alama kwamba mumewe amefika, na lori la kwanza likamwaga kifusi juu ya wale watatu.