Jeneza la Kalista Lapita Milanzi

Kalista alitoka kwa fundi Gaudensi akichekacheka. Mwanamke wa miaka sabini na mbili, ambaye daktari alishamwambia moyo wake umechoka, alikuwa anatembea nyuma ya guta la magurudumu matatu lililobeba jeneza lake mwenyewe, na furaha aliyokuwa nayo utadhani bibi harusi! Jeneza lilikuwa la mninga, linanukia. Alipanga kulijaza ulezi, kama alivyofanya bibi yake. Mzee mwenye jeneza ndani, bibi alisema, kifo hakimshtui, na panya hawagusi akiba yake.

Alikosea jambo moja tu. Pale Milanzi alisimama dukani kununua sabuni, guta likatangulia.

Sasa jeneza likipita, nani husimama kuuliza maswali mengi? Wanaume walivua kofia. Akina mama walijifunga khanga viunoni wakalifuata. Mwenye guta alipoulizwa ni la nani, alijibu kweli tupu: "La Bibi Kalista." Basi! Kabla guta halijafika nyumbani, simu zilishapigwa hadi Kaoze, kule bondeni.

Kalista alipofika kwake alikuta turubai linafungwa, kuni zinawaka, sufuria la wali liko jikoni, na jirani yake Stumai, aliyemnyima chumvi juzi tu, anagaragara kwa kilio.

"Shoga, unamlilia nani?"

Stumai alipiga yowe akarukia nyuma ya pipa la maji. Nusu ya waombolezaji walitimua mbio. Waliobaki walicheka mpaka wakakaa chini, na Kalista akacheka kuliko wote.

Mwanawe Modesti, aliyejua habari za jeneza, alifika akihema. "Mama, wamempigia mama mdogo. Ameshapanda gari. Ngoja nimwambie uko hai."

Kicheko kikamkatika Kalista. Mama mdogo huyo ni Anjela, mdogo wake wa tumbo moja, na ulikuwa mwaka wa tisa hawajasalimiana. Siku ya kumzika mama yao, gari la Anjela lilikwama mlimani, akafika kaburi limeshafukiwa. Kalista akamwambia mbele ya umati, "Wewe umefuata wali, hukumfuata mama." Neno likishatoka halirudi. Tangu daktari aseme yake, Kalista alitamani kushuka Kaoze kwa mdogo wake kuomba radhi, lakini kila asubuhi kiburi kilimrudisha kitandani.

Alimpokonya mwanawe simu. "Akijua niko hai, atageuza!"

"Mama, hiyo dhambi."

"Nitaiungama Jumapili. Jeneza ninalo, mwanangu. Nisiye naye ni mdogo wangu."

Akawakataza watu wasiondoke. Alizunguka chumbani, mara akae, mara asimame, mara achungulie dirishani, amefurahi na ameogopa kwa pamoja. Moyo ulimpiga hadi akausemesha: "We moyo, thubutu unizimikie leo!"

Alasiri kilio kilisikika barabarani. Anjela alikuja na beseni la unga kichwani, machozi yanamchuruzika.

"Dada! Dada yangu, nimechelewa tena!"

Ile *tena* ilimchoma Kalista. Alikuwa ameandaa utani, wote ulimpotea. Alitoka pekupeku.

"Hujachelewa, mdogo wangu."

Beseni likaanguka, unga ukatapakaa. Anjela alimpapasa uso, akampapasa mabega, kisha akaanza kumtwanga makofi ya mgongo kwa mikono miwili. "Utaniua! Utaniua, Kalista!"

"Nipige, lakini nisikilize. Siku ile nilikudhalilisha mbele za watu. Watu ndio hawa, na mdomo bado ninao. Nilikosea. Nisamehe."

 Hata jeneza halikuwahi kumtisha Kalista hivyo. Anjela alijifuta kamasi kwa ncha ya khanga, akalitazama jeneza lililowekwa chini ya turubai, akamtazama dada yake, akaketi mkekani.

"Haya," alisema. "Wali uko wapi? Si ndio nilioufuata?"

Uwanja mzima ukalipuka vicheko. Kalista alikimbia jikoni, yeye na moyo wake uliochoka, akampakulia kwa mkono wake mwenyewe sahani iliyojaa hadi kumwagika.