Mkia Usio na Zipu

Binti yangu Bitutu ana miaka saba, na maneno yake yote hayajazi kiganja. Chai. Hapana. Ng'ombe. Mwezi wa tano, nikiwa nimembeba mgongoni tukitoka shuleni, akaongeza lingine, nami nikasimama katikati ya barabara nimsikie vizuri.

"Sheira," akasema. Halafu tena, kwa raha zake, "Sheira."

Sheila ni mwalimu mpya wa watoto wenye mahitaji maalum pale shuleni Gesima. Mimi ni mama aliyembeba Bitutu tangu azaliwe, kwa kuwa miguu yake haikukubali kusimama, na mimi hajawahi kuniita. Hata kwa bahati mbaya. Watu huniambia ni baraka mtoto kumpenda mwalimu wake. Waache waseme, hawajanong'onezewa jina la mwanamke mwingine sikioni na mtoto waliyemzaa. Nilimwonea Sheila wivu mpaka chakula kikawa hakishuki.

Halafu akaja na jambo lake la nguva. Siku ya wazazi angevaa mkia, awe nusu mtu nusu samaki, aketi mkekani na watoto awaimbie na wamguse. Wazazi wakafurahi, wakachanga. Kwa kuwa mimi ni fundi wa nguo hapo Masimba, wakaniambia niandamane naye hadi Kisii mjini nimsaidie kuchagua mkia wa bei nafuu.

Kwanza alinionyesha kwenye simu mkia wa mpira kutoka ng'ambo, ambao kwa bei yake ungepata ndama. Tukaufunga huo mjadala. Kwa Rekha, anayeuza vitambaa na nguo za sherehe, tukakuta miwili. Mmoja ulikuwa wa samawati, unameta, na chini una zipu ya kutolea nyayo ili aliyeuvaa aweze kutembea. Sheila akajipimia mbele ya kioo. Alipendeza kiasi cha kuniudhi.

Mwingine ulikuwa kijani cha mboga ya sukuma wiki iliyolala. Haukuwa na zipu chini, na pezi lake la spanji lilikuwa limevimba upande mmoja.

"Hii mama, imekaa sana," Rekha akaniambia. "Chukua, napea wewe nusu bei."

"Tunachukua huu," nikasema kabla Sheila hajafungua mdomo.

"Lakini Mama Bitutu, si nitashindwa kutembea?"

"Kwani nguva hutembea, mwalimu?"

Rekha akacheka. Sheila naye akacheka, maana hana ubaya wowote, na hilo ndilo linalonichosha zaidi. Nikamweleza kwamba pesa itakayobaki itanunua mikeka, na hiyo ilikuwa kweli. Kweli nyingine ni kwamba sikutaka ang'ae mbele ya mtoto wangu.

Siku yenyewe tukamvalisha Sheila mkia kwenye ofisi ya walimu. Alipofika mlangoni kwa kurukaruka ndipo sote tukauona uwanja. Mikeka ilikuwa upande wa pili, chini ya turubai, na mvua ya asubuhi ilikuwa imelainisha nyasi hivi kwamba kiti cha magurudumu kingezama. Kuuvua mkia haikuwezekana, watoto walikuwa wameshamwona nguva wao. Mwalimu mkuu, Bwana Ochoki, akaanza kuchunguza mawingu. Akina baba wengine wakachunguza viatu vyao. Kwetu Abagusii mwanamume hamshiki msichana wa rika la binti zake, hata akigeuka samaki.

Akina mama wakanigeukia mimi.

"Wewe ndiye uko na mgongo," Esnah, jirani yangu, akasema.

Nikainama. Wakampandisha, wakanifunga leso, nikaanza kuvuka uwanja na Sheila mgongoni, pezi likinipigapiga kwenye mashavu ya miguu. Alikuwa mwepesi. Hata hilo liliniudhi.

"Pole, Mama Bitutu," akaninong'oneza.

Watoto walikuwa wakipiga makofi. Nikautafuta uso wa Bitutu, nikijua nitaukuta umechangamka kwa ajili ya Sheira wake. Haukuwa umechangamka. Macho yake yalikuwa kwenye leso yangu.

Akajivuta kwa viwiko hadi ukingoni mwa mkeka, akapita, akaingia kwenye nyasi zenye maji na gauni lake la Sabato. Akalikamata lile pezi kwa mikono miwili, akavuta.

"Shuka," akasema.

Hilo neno sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Makofi yakakatika.

"Bitutu, ni mimi, Sheila," nguva akamwambia kwa upole.

"Hapana. Shuka."

Nikapiga hatua moja nikamshusha nguva, kwa haraka kuliko ilivyofaa, akatua mkekani kama gunia la majani chai. Bitutu akapanda mahali pake, amelowa, mzito, akanishika shingo hadi nikakohoa. Hakuniita mama. Mpaka leo hajaniita.

Sheila akaimba vizuri na watoto wakamzunguka, wakamgusa lile pezi bovu wakicheka. Akamwita Bitutu mara kadhaa. Bitutu akaficha uso mgongoni kwangu, akatoa mkono mmoja na kumpungia aende.

Mama mzuri angemwambia kwamba wivu ni tabia mbaya. Mimi nilikaza leso.